Mafuta na Uhai wa Mwili



Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza habari za mafuta. Si mafuta ya taa wala ya motokaa, bali mafuta yale yaliyomo ndani ya kila kiumbe chenye uhai, tangu mkonge shambani hata samaki baharini, tangu mdudu asiyeonekana kwa macho hata mwanadamu.

Mtu akisikia neno mafuta, aghalabu huwaza chungu cha jikoni, au taa, au kupaka ngozi. Wengine hudhani kuwa mafuta ni kitu cha karamu, cha kutia ladha katika wali, na mtu maskini aweza kuishi pasipo hayo bila ya hasara. Fikira hiyo si kweli. Pasipo mafuta hapana jani liwezalo kumea, hapana damu iwezayo kutembea mwilini, wala hapana ubongo uwezao kufikiri. Wala habari hii si ya shule tu. Wako watoto ambao macho yao hudhoofu hali mapapai yaiva nyuma ya nyumba na mchicha umejaa bustanini. Na sababu moja ya msiba huo ni kwamba mboga zile huliwa bila ya mafuta. Kwa hiyo tusikilize kwa makini, maana mwisho wa maneno haya umo ndani ya chungu cha kila mama.

I. JAMAA YA MAFUTA

Vitu vya jamaa hii ni vingi: mafuta ya nazi, ya ufuta, ya karanga na ya mawese; samli na siagi; shahamu ya ng'ombe na mkia wa kondoo; nta ya nyuki; na mafuta yaliyomo katika kiini cha yai. Wataalamu huviita vyote kwa jina moja, lipidi. Havifanani kwa sura, lakini vyote vina tabia moja: havipatani na maji.

Kwa nini havipatani? Kila kitu duniani kimefanyizwa kwa punje ndogo mno ziitwazo molekuli. Molekuli ya maji ina umeme kidogo wa namna moja upande huu, na wa namna nyingine upande huu. Kwa hiyo molekuli za maji huvutana na kushikana, kama watu walioshikana mikono katika ngoma. Molekuli ya mafuta haina umeme wa namna hiyo. Basi maji hushikana yenyewe kwa yenyewe, na mafuta yakabaki nje ya ngoma. Ndiyo sababu ukitia mafuta katika chupa ya maji na kuitikisa, baada ya kitambo mafuta hupanda juu na kukaa peke yake.

Mtaalamu mmoja wa Ufaransa, jina lake Michel Eugène Chevreul, alitoa kitabu mwaka 1823 kuonyesha mafuta yamefanyizwa kwa nini. Aliona ya kuwa mafuta ya wanyama yaweza kugawanywa sehemu mbili: sehemu moja ni gliserini, kitu kitamu kilicho kama uji mwepesi, na ya pili ni asidi za mafuta. Siku hizi twajua ya kuwa kila asidi ya mafuta ni mnyororo mrefu wa kaboni na haidrojeni, na mafuta ya kupikia ni minyororo mitatu iliyofungwa katika gliserini moja.

Sasa mtu atauliza: mbona mafuta mengine huganda na mengine hayagandi? Wale wanaokaa katika nchi za milima wameona ya kuwa asubuhi ya baridi mafuta ya nazi huwa meupe na magumu ndani ya chupa, hali mafuta ya ufuta yaliyo kando yake yangali majimaji. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi za Sentigredi. Fikirini habari ya kuni. Kuni zilizonyoka hufungwa mzigo mmoja ulioshikamana barabara. Lakini kuni zilizopindapinda hazilaliani vizuri, na mzigo wake hulegea. Minyororo ya mafuta ya nazi na ya shahamu iliyo mingi imenyoka. Hulaliana na kuganda upesi. Minyororo mingi ya mafuta ya ufuta, ya alizeti na ya samaki ina mapindi. Haiwezi kulaliana, na kwa hiyo mafuta hayo hukaa majimaji. Jambo hili la kunyoka na kupinda tutalirudia, maana lina kazi kubwa katika uhai.

II. KIJIKO CHA MAFUTA JUU YA MAJI

Katika karne ya 18 alikuwako Mmarekani mmoja mwenye akili nyingi, Benjamin Franklin, ambaye alikaa miaka mingi London. Alikuwa amesikia ya kuwa mafuta yakimwagwa juu ya maji hutuliza mawimbi. Siku moja ya upepo akaenda kwenye bwawa la Clapham, akamwaga mafuta yasiyozidi kijiko kimoja cha chai. Mafuta yale yakatandaa upesi sana, hata sehemu ya bwawa kadiri ya nusu eka ikawa shwari kama kioo. Habari hizo zilipigwa chapa mwaka 1774.

Hebu tufanye hesabu ambayo Franklin mwenyewe hakuifanya. Kijiko kimoja cha mafuta kilichotandazwa juu ya nusu eka chawa na unene gani? Jibu ni kwamba milimita moja ingegawanywa mafungu 400,000 hivi, na unene wa mafuta yale ni fungu moja tu. Huo ni unene wa molekuli moja! Mafuta yalikuwa yametandaa mpaka hayawezi kutandaa zaidi, molekuli kando ya molekuli.

Kazi hiyo iliendelezwa na mwanamke wa Ujerumani, Agnes Pockels, wa mji wa Braunschweig. Hakupata kusoma katika chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa kutunza nyumba ya wazazi wake. Lakini alikuwa mtu wa kuangalia. Alipokuwa akiosha vyombo aliona jinsi mafuta na sabuni vinavyobadili uso wa maji, akatengeneza chombo kidogo cha kupimia mambo hayo jikoni mwake. Akamwandikia barua Lord Rayleigh wa Uingereza, mtaalamu mkubwa, naye akaifanya ipigwe chapa katika gazeti la wataalamu mwaka 1891. Na iwe fundisho kwetu: elimu haikai katika vyuo peke yake; yaweza kuanza hata katika beseni la kuoshea sahani.

Mwaka 1917 Mmarekani Irving Langmuir akaonyesha wazi jinsi molekuli hizo zinavyosimama juu ya maji. Asidi ya mafuta ina kichwa na mkia. Kichwa chapenda maji, nao mkia wayakimbia. Kwa hiyo husimama wima juu ya maji, kichwa chini majini na mkia juu hewani, kama mabua ya mahindi yaliyosimama shambani baada ya mavuno.

III. UKUTA WA KILA SELI

Mwili wetu umejengwa kwa vijumba vidogo sana viitwavyo seli, kama nyumba ijengwavyo kwa matofali. Lakini kila tofali la mwili lina uhai wake. Katika tone la damu lililo na ukubwa wa milimita moja kila upande, mna seli nyekundu kadiri ya milioni 5. Ndani ya seli mna maji, na nje ya seli mna maji. Basi ni kitu gani kinachotenga maji ya ndani na maji ya nje, hata yasichanganyike na uhai ukapotea?

Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu Ernest Overton, aliyefanya kazi katika mji wa Zürich, alikuwa amejaribu dawa nyingi za namna namna juu ya seli, akaona ya kuwa kitu kinachoyeyuka upesi katika mafuta huingia upesi ndani ya seli. Kwa hiyo akasema ya kuwa ukuta wa seli lazima uwe wa namna ya mafuta.

Mwaka 1925 Waholanzi wawili, Gorter na Grendel, wa mji wa Leiden, wakakata shauri kupima. Walichukua damu ya mtu na ya wanyama kadha wa kadha, kama vile mbuzi, kondoo, mbwa na sungura. Wakatoa mafuta yote waliyoweza katika seli nyekundu, wakayatandaza juu ya maji, wakapima eneo lake. Kisha wakakadiri eneo la ngozi za seli zile zote. Wakaona ya kuwa mafuta yaenea eneo lililo mara mbili ya eneo la seli. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba kila seli imevikwa mafuta ya tabaka mbili. Baadaye ilionekana ya kuwa hesabu zao zilikuwa na makosa mawili: hawakutoa mafuta yote, na ngozi za seli walizikadiri kuwa ndogo kuliko zilivyo. Lakini kosa moja lilifuta la pili, na jibu likawa la kweli. Darubini za umeme zilithibitisha jambo hilo katika miaka ya 1950.

Utando huo umejengwa hasa kwa lipidi iitwayo fosfolipidi, yenye kichwa kipendacho maji na mikia miwili iyakimbiayo. Molekuli hizo hujipanga zenyewe bila ya fundi: tabaka moja huelekeza vichwa kwenye maji ya nje, tabaka la pili huelekeza vichwa kwenye maji ya ndani, na mikia yote hukutana katikati, mahali pakavu. Hivyo maji, chumvi na sukari haviwezi kupita ovyo, kwa kuwa katikati ya ukuta mna mafuta.

Lakini nyumba isiyo na mlango ni kaburi. Kwa hiyo ndani ya utando ule mna protini, ambazo ni milango na mabawabu. Nyingine huingiza sukari, nyingine hutoa chumvi, nyingine hupokea habari zinazoletwa na damu. Mwaka 1972 Wamarekani Singer na Nicolson walieleza ya kuwa utando huu si mgumu kama ukuta wa mawe. Ni laini na majimaji, na protini nyingi zaelea ndani yake kama mitumbwi ziwani.

Sasa turudie habari ya kuni. Utando ukiganda, milango haifunguki na seli hufa. Ukilegea mno, huvuja. Kwa hiyo kila kiumbe huchanganya minyororo iliyonyoka na iliyopinda kwa kiasi kinachofaa. Samaki wa bahari za baridi ana mafuta mengi yenye mapindi, ndiyo sababu hagandi mwilini katika maji ambayo mafuta ya nazi yangekuwa kama jiwe. Wanyama huongeza pia lipidi nyingine, kolesteroli, inayokaa kati ya minyororo na kuufanya utando usilegee mno wala usikauke mno.

Wanafunzi waweza kuziona fosfolipidi zikifanya kazi. Tieni maji na mafuta katika chupa, mtikise, mwone jinsi yanavyotengana. Kisha tieni kiini cha yai, mtikise tena. Sasa hayatengani upesi. Maji na mafuta huwa kitu kimoja cheupe, kama tui. Fosfolipidi za yai zimesimama kati ya hao maadui wawili, kichwa kwa maji na mkia kwa mafuta, zikawapatanisha.

IV. KWA NINI SABUNI HUOSHA

Sabuni hufanyizwa kwa kuchemsha mafuta pamoja na magadi makali. Molekuli yake nayo ina kichwa kipendacho maji na mkia upendao mafuta. Mikono yenye grisi ikiwekwa katika maji matupu haitakati. Lakini sabuni huchoma mikia yake ndani ya grisi, vichwa vikabaki nje, na maji yakavishika vichwa na kuichukua grisi pamoja navyo.

Tena iko faida kubwa zaidi. Virusi vya magonjwa mengine, kama homa ya mafua na korona iliyoenea duniani mwaka 2020, vimevikwa utando wa mafuta uliofanana na ule wa seli. Sabuni huupasua utando huo kama mtu apasuaye kibuyu, na virusi vikaharibika. Virusi vingine havina vazi la mafuta. Lakini hivyo navyo, sabuni huving'oa katika ngozi na maji yakavichukua. Basi mzazi akimwambia mtoto, "Nawa kwa sabuni, si kwa maji matupu," hasemi maneno ya adabu tu.

V. GHALA YA NGUVU NA VAZI LA MVUA

Kazi nyingine ya mafuta ni kuweka akiba. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9 za nguvu. Gramu moja ya wanga au sukari hutoa kalori 4 tu. Mtu aliye na kilo 10 za mafuta mwilini, kama angetaka kuweka nguvu hiyo hiyo kwa wanga, ingempasa achukue zaidi ya kilo 22 za wanga mkavu. Na wanga mwilini haukai mkavu, bali hushika maji mengi. Angetembeaje?

Kwa sababu hiyo viumbe wasafiri huchagua mafuta. Ndege watokao Ulaya kuja kwetu Afrika Mashariki kukimbia baridi hula sana kabla ya safari, na wadogo wengine huongezeka uzito kukaribia mara mbili. Kumbikumbi watokapo ardhini baada ya mvua wamejaa mafuta ya safari yao. Ndiyo maana mama aweza kuwakaanga bila ya kuongeza mafuta mengine. Nundu ya ngamia nayo si mtungi wa maji, kama wengi wadhanivyo, bali ni ghala ya mafuta. Hata mbegu, kama ufuta, karanga na alizeti, hutiwa mafuta na mmea mama ili mche mchanga upate chakula mpaka utakapotoa majani.

Tena mafuta ni vazi. Jani la mjimbi lina nta juu yake, na matone ya mvua huviringika na kuanguka bila ya kulilowesha. Jani la mkonge lina nta ya kuzuia maji ya ndani yasikauke kwa jua. Ngozi yetu nayo hutoa mafuta yake isipasuke.

VI. MACHO NA UBONGO WA MTOTO

Sasa tumefika penye chungu cha mama. Mwaka 1913 huko Marekani, McCollum na Davis walionyesha ya kuwa panya waliopewa chakula kisicho na mafuta ya namna fulani waliacha kukua, na walipopewa mafuta ya siagi au ya yai walikua tena. Ndani ya mafuta hayo mlikuwa na kitu ambacho sasa chaitwa vitamini A. Baadaye ziligunduliwa vitamini nyingine zinazoyeyuka katika mafuta, yaani D, E na K.

Vitamini A hutumika katika jicho kutengeneza rangi ile ipokeayo mwanga. Mtoto akiikosa, kwanza hushindwa kuona jua likitua: hujikwaa, hupapasa, hakimbii na wenzake jioni. Tusidhani kuwa ni mtoto mvivu au mwoga. Huo ni upofu wa usiku, na usipotibiwa, jicho hukauka na mwisho laweza kupofuka kabisa. Tena mtoto huyo hushindwa kupigana na surua na kuhara. Mzazi aonaye dalili hizo amchukue mtoto hospitali siku ile ile.

Maini, mayai na maziwa vina vitamini A yenyewe. Papai, embe, karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa na mboga za majani mabichi vina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Lakini karotini haiyeyuki katika maji. Mboga zikichemshwa kwa maji na chumvi tu, sehemu kubwa ya karotini hupita tumboni na kutoka bila ya kumfaa mtoto. Zikitiwa kijiko cha mafuta, au tui, au karanga zilizopondwa, karotini huyeyuka humo na kuingia mwilini. Mawese mekundu, kama ya Kigoma na Kongo, yana mafuta na karotini pamoja. Lakini yakichomwa motoni mpaka yawe meupe, karotini imeteketea. Matone ya vitamini A wapewayo watoto katika kliniki, tangu miezi 6 hata miaka 5, kila baada ya miezi 6, yasikataliwe. Wala yasifanye watu waache mboga na mafuta nyumbani.

Ubongo nao, maji yake yakiondolewa, zaidi ya nusu ya kilichobaki ni mafuta. Mishipa ya fahamu imezungushiwa tabaka nyingi za utando wa mafuta, kama waya wa umeme uliovikwa mpira, ili habari zipite mbio. Vazi hilo hufumwa kwa haraka katika miaka 2 ya kwanza ya mtoto. Mwaka 1929 George na Mildred Burr wa Marekani walionyesha kwa panya ya kuwa ziko asidi za mafuta ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza. Lazima zitoke katika chakula. Maziwa ya mama yana mafuta yatoayo karibu nusu ya nguvu zake zote, na katika miezi 6 ya kwanza yatosha yenyewe. Baadaye, uji mwepesi wa maji na unga hautoshi. Utiwe mafuta kidogo, au maziwa, au karanga safi zilizosagwa zisizoota ukungu, wala mtoto asiachishwe kunyonya mapema.

VII. KIASI

Tumesifu mafuta, lakini chumvi nayo ni njema, wala hapana mtu aijazaye sahani. Mtu mzima akila mafuta kuliko kazi aifanyayo, ghala hujaa. Kolesteroli ikizidi katika damu hushika kuta za mishipa na kuifanya myembamba, hata moyo ukapata taabu. Iko pia namna ya mafuta yaliyogandishwa katika viwanda, ambayo minyororo yake iliyopinda hunyoshwa isivyo kawaida. Hayo hudhuru moyo kuliko mengine, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliyataka mataifa yayaondoe katika vyakula. Na mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kuwa meusi yamwagwe. Ubahili wa chupa moja usilete ugonjwa wa nyumba nzima.

Basi tumeona ya kuwa kitu kile kinachokataa kuchanganyika na maji ndicho kinachoyafanya maji ya mwili yawe na mipaka, na penye mipaka ndipo uhai ukakaa. Yatosha kijiko kimoja katika mboga za mtoto. Ni kidogo, lakini hata bwawani tumeona kazi ya kijiko kimoja.

Maswali kwa wanafunzi

1. Kwa nini mafuta ya nazi huganda asubuhi ya baridi, na ya ufuta hayagandi?
2. Gorter na Grendel walijuaje ya kuwa utando wa seli una tabaka mbili?
3. Eleza kwa nini sabuni huharibu virusi vyenye vazi la mafuta.
4. Mama amepika mchicha kwa maji na chumvi tu. Utamshauri aongeze nini, na kwa sababu gani?